Hitilafu Inayojificha Fundi Akifika

Jenereta iliyogoma usiku ikakubali kuwaka asubuhi mbele ya fundi haijapona. Imerudi tu katika hali ambayo ugonjwa wake hauonekani, na hali hiyo ndiyo ya kuchunguzwa kabla ya kifaa chochote. Wengi huanzia upande wa pili: leo wanabadilisha betri, kesho rilei, keshokutwa kihisio cha mwendo wa injini, na kila mashine ikinguruma wanahesabu kwamba wamepatia. Lakini hitilafu ya kuja na kuondoka ingeondoka hata kama hakuna aliyegusa kitu. Injini kuwaka baada ya matengenezo hakuthibitishi kwamba ni matengenezo yaliyoiwasha.

Tuchukue mfumo wa kuwashia wa volti 24, ambao ni wa kawaida katika jenereta kubwa. Kiunganishi cha betri kikilegea, au kutu ikiingia chini yake, panazuka ukinzani mdogo, tuseme omu 0.01. Injini ikiwa imetulia, mkondo unaopita hapo ni kiduchu mno, hivyo fundi anaweka mita, anasoma volti 25 na kuandika kwamba betri ni nzima. Anasema kweli, ila amepima wakati ambao kiunganishi hakina kazi. Stata ikivuta ampea 500, ukinzani uleule unameza volti 5 na kutoa joto la wati 2,500 mahali padogo kama kidole gumba. Volti zikishuka hivyo, kompyuta ya injini inaweza kuzimika katikati ya kuwasha. Kisha joto, mtikisiko, au mkono wa fundi uliosukuma waya wakati wa ukaguzi unakikalisha kiunganishi vizuri, na dalili inatoweka kwa siku kadhaa. Kipimo chenye maana hapa ni cha stata ikiwa inazunguka, ncha moja ya mita ikigusa nguzo ya betri na nyingine ikigusa kiunganishi kilichofungwa juu yake. Zikionekana volti kati ya vitu viwili vinavyopaswa kuwa kitu kimoja, mhalifu amekamatwa.

Kuna nyakati ambapo nati zote zimekaza na tatizo limo katika mfuatano wa matukio. Tarehe 24 Julai 2007, jijini San Francisco, umeme wa gridi ulitikisika mara kadhaa, na katika kituo cha data cha 365 Main jenereta 3 kati ya 10 zikashindwa kukamilisha kuwaka. Tovuti kubwa, Craigslist ikiwa mojawapo, zikatoweka hewani. Wahandisi walifanya majaribio kwa siku kadhaa hadi wakabaini kwamba kompyuta ya injini haikuwa ikisafisha kumbukumbu yake ipasavyo. Data zenye makosa zilibaki humo na kuvuruga uwashaji uliofuata. Hakukuwa na kipuri kilichovunjika ambacho mtu angekiona kwa kurunzi. Kubonyeza kitufe mara moja na kusikiliza kusingelifichua jambo la namna hiyo, kwa kuwa chanzo cha kushindwa kilikuwa kwenye historia ya mashine, yaani kilichotokea kabla ya kitufe kubonyezwa.

Msimamizi wa hospitali atauliza, na ana haki kamili, kama wagonjwa walio kwenye mashine za kupumulia wasubiri uchunguzi wa kisomi. Wasisubiri. Jenereta ya kukodi iletwe, na kifaa kinachoshukiwa kibadilishwe siku hiyohiyo. Ninachokataa ni kubadilisha vitu vitatu kwa pamoja, na kufuta kumbukumbu za paneli kabla hazijanakiliwa, maana hapo ushahidi pekee uliokuwepo unakwenda na hitilafu inabaki. Wengine hulalamika kwamba kuijaribu jenereta ikiwa na mzigo ni kuchoma dizeli bure. Kiwango cha Marekani cha NFPA 110 kinataka jaribio la kila mwezi la dakika zisizopungua 30, na kwa kawaida mzigo usiwe chini ya asilimia 30 ya uwezo wa jenereta. Injini ya dizeli inayozungushwa mara kwa mara bila mzigo haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na uchafu mweusi unajikusanya kwenye ekzosi. Jaribio la bei rahisi linaichafua mashine na bado halijibu swali.

Hata jaribio lenye mzigo linaweza kudanganya likifanywa injini ikiwa bado ya moto. Mpira wa mafuta wenye upenyo mdogo unaoingiza hewa huacha dizeli irudi tangini taratibu usiku kucha. Jaribio la kwanza linafeli, la pili linafaulu kwa sababu pampu imeshavuta mafuta, na daftari linaandikwa "imewaka". Safu hiyo moja haitoshi. Iandikwe pia imepumzika saa ngapi, maji ya injini yalikuwa na joto gani, volti zilishuka hadi ngapi stata ilipovuta, na ilikuwa mara ya ngapi kujaribiwa.