"Kazi nilizofanya: hakuna"? Tuwasaidie wanafunzi wa hoteli kuandika CV ya kweli



Kila mwaka vijana kutoka jamaa zilizohama makwao wanaingia mwaka wa kwanza wa masomo ya hoteli na utalii. Wazazi wao wamekusanya pesa za masomo kwa shida, franga kwa franga. Miezi michache inapita, kisha mwalimu anawaambia: tafuteni staji, tayarisheni CV. Kijana anachukua karatasi, anaandika jina lake na shule alizosoma. Anapofika kwenye sehemu ya kazi alizofanya, anaandika neno moja tu: "Hakuna."

Mara nyingi neno hilo si la kweli. Kijana huyo amepikia watu wengi siku za kuhama. Amepokea wageni, ameosha vyombo vya harusi, ametunza pesa za wengine. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni kazi, na kwamba inaweza kuandikwa. Katika makala hii tunaeleza namna wazazi, walezi na viongozi wanavyoweza kumsaidia, hata wale wasiojua Kifaransa na wasiojua kuandika.

MSIMAMIZI WA HOTELI ANATAFUTA NINI?

CV ni karatasi inayomweleza mtu anayeomba kazi au staji: yeye ni nani, anasoma nini, amefanya nini, anajua nini, na anapatikana wapi. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ukurasa mmoja unatosha.

Msimamizi hategemei kuona miaka mingi ya kazi kwa mwanafunzi kama huyo. Anajiuliza mambo mepesi zaidi. Je, kijana huyu atafika saa ya kazi? Ni msafi? Anaweza kushika pesa na vitu vya wageni bila kuiba? Mgeni akikasirika, atamjibu kwa upole? Anasema lugha gani? CV nzuri inajibu maswali hayo kwa mifano. Kuandika "nina bidii, naweza kufanya yote" hakujibu lolote, kwa sababu kila mtu anaandika hivyo.

KUMBUKUMBU IKO NYUMBANI

Kijana anasahau, lakini mama anakumbuka. Shangazi anakumbuka. Jirani aliyepika naye siku ya kilio anakumbuka. Kwa hiyo kabla ya kwenda kuchapa CV mjini, jamaa ikae pamoja jioni moja na karatasi na kalamu. Mmoja aulize, mwingine aandike. Haya ndiyo maswali matano ya kuuliza:

1. Ulipikia watu wangapi, na mara ngapi? Nyumbani, sokoni, kwenye harusi, kanisani, katika mkutano?

2. Ulipokea na kuhudumia watu wapi? Kupanga viti, kugawa chakula, kuonyesha wageni pa kulala, kutandika vitanda katika nyumba ya wageni ya parokia?

3. Ulishika pesa au mali ya wengine? Likelemba, hesabu ya malewa, funguo za stoo, orodha ya vitu vilivyogawanywa?

4. Ulifanya kazi gani ya usafi na afya? Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, vijana wengi walisimamia mahali pa kunawa mikono na kuwaeleza watu namna ya kujikinga. Kwa hoteli, huo ni ujuzi wa maana.

5. Unasema lugha gani, na unazisema kwa kiasi gani?

Kwa kila jibu muongeze mambo matatu: mahali, mwaka, na hesabu. "Nilipika" ni neno jepesi. "Nilipikia watu 40" ni neno lenye uzito.

KUTOKA NENO HADI MSTARI WA CV

Tuchukue mfano wa msichana aliyehama kutoka Masisi pamoja na shangazi yake. Kwanza aliandika: "Kazi nilizofanya: hakuna." Baada ya maswali yale matano, ukurasa wake unaweza kusomeka hivi:

- 2023–2024: Msaidizi katika malewa ya jamaa, sokoni. Siku 6 kwa juma. Kupika bugali, maharagi na sombe kwa watu karibu 40 kwa siku. Kupokea pesa na kufanya hesabu kila jioni.

- Agosti 2024: Kazi ya kujitolea katika nyumba ya wageni ya parokia, juma 4. Kutandika vitanda, kufagia vyumba 6, kufua na kupiga pasi mashuka.

- Tangu 2024: Mtunza sanduku la likelemba ya wanawake 12. Kuandika michango kila juma.

- Lugha: Kiswahili na Kihunde, vizuri sana, Kifaransa, vizuri, Lingala, ninaelewa.

Msichana ni yule yule, na hakuna uongo hata mmoja. Tofauti ni kwamba sasa msimamizi anaweza kumwona akiwa kazini.

Ni vizuri pia kupanga mambo kufuatana na kazi inayoombwa. Anayeomba staji jikoni aanze na kupika. Anayeomba mapokezi aanze na lugha na kupokea watu. Anayeomba kazi ya vyumba aanze na usafi na mashuka. CV moja haifai kwa milango yote.

Mwanafunzi anaweza pia kujifunza sasa hivi kanuni tano za chakula salama, ambazo Shirika la Afya Duniani (OMS) lilizitoa mwaka 2001: kudumisha usafi, kutenganisha vyakula vibichi na vilivyopikwa, kupika mpaka chakula kiive kabisa, joto la ndani lifikie angalau digrii 70, kutoacha chakula kilichopikwa nje kwa zaidi ya saa 2 bila kukiweka katika baridi au moto unaofaa, na kutumia maji na vyakula salama. Aziandike katika CV ikiwa tu anaweza kuzieleza bila kusoma.

TUSEME NINI JUU YA VITA?

Wengi wetu tulihama mara mbili, mara tatu. Wengine walihama tena mwanzoni mwa 2025, vita vilipofika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili. Kwa sababu hiyo kuna miaka isiyokuwa na shule katika maisha ya watoto wetu. Tuifiche? Hapana. Mstari mmoja unatosha: "2022–2023: masomo yalisimama kwa sababu ya vita." Kisha kijana aendelee na yale aliyofanya mwaka huo. CV si mahali pa kusimulia mateso yote. Msimamizi anayesoma mateso tu atamhurumia kijana, lakini hatajua anaweza kufanya nini jikoni kesho asubuhi.

Ikiwa Diploma ya Serikali iliungua au ilipotea njiani, kijana aandike jina la shule, mwaka na asilimia aliyopata, na aongeze: "Hati ilipotea, nimeomba nakala." Lakini awe ameiomba kweli. Aulize ofisi ya komini juu ya cheti cha kupotelewa na hati, na aulize shule yake ikiwa bado inahifadhi orodha ya waliofaulu. Nakala ya hati yoyote iliyobaki ipigwe picha kwa simu na itumwe kwa ndugu anayekaa mahali pengine, ili isipotee yote kwa mara moja.

KABILA SI UJUZI WA KAZI

Kwa desturi yetu, CV nyingi zinaanza na jina la baba, jina la mama, kijiji, sekta, teritware na jimbo la asili. Msomaji anajua kabila la kijana kabla ya kujua kama anaweza kupika yai. Hapa kuna hatari ya pande mbili: wengine wanakataliwa kwa sababu ya asili yao, na wengine wanachukuliwa kwa sababu hiyo hiyo.

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 13, inakataza kumbagua Mkongomani kwa sababu ya kabila, dini, asili ya jamaa, hali yake ya maisha, hata mahali anapokaa. Kifungu cha 36 kinasema kazi ni haki na wajibu wa kila Mkongomani. Pia Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya watu waliohama ndani ya inchi yao zinatambua haki yao ya kutafuta kazi kwa uhuru. Kuhama hakumwondolei mtu haki hiyo.

Kwa hiyo tunashauri hivi: ikiwa hoteli haikuomba habari za asili, kijana asiziweke. Jina, mji anapokaa, simu na tarehe ya kuzaliwa vinatosha. Ikiwa fomu ya ofisi inaziomba, ajaze kwa ukweli.

Lugha ni jambo lingine. Kuna vijana wanaoficha lugha yao kwa kuogopa watu watasema nini. Hoteli inalaza watu wa kila kabila chini ya paa moja, na mgeni anafurahi kusalimiwa katika lugha yake. Kihunde, Kinande, Mashi, Kinyarwanda, Kilendu, Lingala: kila lugha ni mlango. Hata hivyo, kijana mwenyewe ndiye anayejua hali ya usalama mahali alipo. Tusimlazimishe.

KIAPO CHA MWISHO WA UKURASA

CV zetu nyingi zinamalizika kwa maneno ya kuapa kwa heshima kwamba habari zote ni za kweli, kisha mtu anatia sahihi. Vijana wanayanakili bila kuyafikiria. Tuwakumbushe kwamba hicho ni kiapo. Anayeandika kwamba alifanya kazi miaka miwili katika hoteli asiyoijua ataulizwa swali moja tu jikoni, na atanyamaza. Na kuna watu watakaosema: "Mnaona, wahamiaji ni waongo." Si haki kuhukumu wengi kwa kosa la mmoja, lakini inatokea. Ukweli mdogo unamlinda kijana, na unawalinda wanaomfuata.

SIMU, PICHA NA USALAMA

Andikeni namba ya simu inayopatikana. Ikiwa simu ni ya jirani, mwenye simu ajulishwe, ajue kujibu vizuri na kuandika ujumbe. Ikiwa picha inaombwa, iwe ya uso, yenye nguo safi, si ya sherehe. Msiandike mahali kamili pa kulala. Kata na mji vinatosha. Mwalimu au mtu mwingine anayejua Kifaransa vizuri asome ukurasa kabla ya kuuchapa, kwa sababu kosa katika mstari wa kwanza linaonekana haraka.

Wazazi, tuseme na binti zetu waziwazi, na wavulana pia. Mtu akidai pesa ili apokee CV, au akimwita binti chumbani au usiku "kwa mahojiano", hiyo si kazi. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya jeuri ya ngono inaadhibu pia kumsumbua mtu kingono. Binti aende kwenye mahojiano mchana, amwambie mtu mzima anakokwenda, na akirudi na habari mbaya tumsikilize bila kumlaumu.

NDUGU VIONGOZI, NA SISI TUNA KAZI

Vijana wanakuja kwetu kuomba barua ya ushuhuda. Barua hiyo inaweza kufungua mlango, na inaweza pia kuleta chuki. Tushike mambo matatu:

- Tuandike tuliyoyaona. "Alisimamia mahali pa kunawa mikono miezi 5, hakukosa siku" ni bora kuliko "ni mtoto mzuri wa kwetu."

- Tuwaandikie wote waliostahili, wa kabila letu na wa kabila lingine, wahamiaji na wenyeji. Mtoto wa jamaa iliyotupokea anatafuta staji pia. Wakikaa meza moja kuandika CV zao, kila mmoja atajua kwamba mwenzake hapendelewi kwa siri.

- Tusiombe kitu. Barua inayouzwa inamnyima nafasi mtoto wa mjane.

Kiongozi mmoja, mwalimu mmoja na meza moja vinatosha kuanza. Jumamosi moja kwa mwezi, vijana walete karatasi zao. Mmoja awe msimamizi, mwingine aombe kazi, wengine wasikilize na kusahihisha. Aliyepata staji mwaka jana aje kueleza aliyoulizwa. Pale ambapo Ofisi ya Taifa ya Kazi (ONEM) inafanya kazi, wajulishwe namna ya kujiandikisha.

CV nzuri haiahidi kazi. Hoteli ni chache, na vita vimefunga nyingine. Lakini kijana aliyezoea kuitwa "mhamiaji" atakuwa na ukurasa mmoja unaosema alichofanya kwa mikono yake, na jamaa yake itakuwa imemsaidia kukikumbuka. Leo jioni, baada ya chakula, mwulizeni mwanafunzi wenu swali la kwanza: ulipikia watu wangapi?