Arusi Mbili, Siku Moja: Sinema Iliyonikumbusha Likoni

Wiki jana binti zangu waliniketisha mbele ya televisheni tukatazama Bride Wars, sinema ya vichekesho ya Kimarekani ya mwaka 2009. Wao walicheka hadi machozi. Mimi pia nilicheka, lakini moyo ulikuwa wanisuta.

Kwa asiyeiona, kisa ni hiki. Liv na Emma, walioigizwa na Kate Hudson na Anne Hathaway, ni marafiki wa chanda na pete tangu utotoni. Wote wawili wameota kuolewa mwezi wa Juni katika hoteli ya Plaza, New York. Karani wa mpangaji arusi akakosea kuandika, arusi zote mbili zikaangukia siku moja, na hakuna aliyekubali kusogeza yake. Vita vikaanza. Emma akamtumia mwenziwe vitamutamu kwa siri ili anenepe, gauni limkatae. Liv akafanya ngozi ya Emma igeuke rangi ya chungwa. Emma akalipiza, nywele za Liv zikawa buluu.

Asiyetujua ataona huo ni upuuzi. Miaka sita iliyopita mimi na shoga yangu wa Mtongwe tuliwapamba binti zetu Jumamosi moja. Hakuna aliyetaka kurudi nyuma. Majirani ni wale wale, na kila mmoja ilibidi achague: sare yangu ama yake. Wengine walinunua zote mbili kwa deni ili wasimuudhi mtu. Mmoja alifika kwangu saa mbili usiku, akala, akaingia chooni kubadilisha leso, akatoka mbio kwenda kwa mwenzangu. Baada ya siku ile hatukusemezana miezi minane.

Mashindano haya si mageni Mombasa. Bibi zetu walikuwa na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake waliojipanga safu kwa sare moja. Vilivyovuma sana ni Ibinaal Watan na Banu Saada. Vilishindana kwa mavazi, kwa nyimbo za mafumbo na kwa karamu. Mwanahistoria Margaret Strobel alivieleza katika kitabu chake cha wanawake Waislamu wa Mombasa, kilichotoka mwaka 1979. Ulikuwa ushindani wa gharama pia, tusiusifu kupita kiasi. Lakini ulikuwa wa chama kwa chama. Mzigo ulibebwa na wengi, na wanawake walijifunza humo kuongoza na kuchangishana. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wanawake waliotoka katika mashindano hayo waliunda jumuiya zilizoshughulikia mambo kama elimu ya wasichana.

Leo ushindani umebaki, chama kimeondoka. Kila mtu yuko peke yake na simu yake: picha ya sare inatumwa kwenye kundi la WhatsApp, bei chini yake, na nambari ya M-Pesa. Ukikosa kulipa, wahesabiwa adui. Anayeshindwa hana wenziwe wa kumpoza, na anayeshinda abaki na deni la ukumbi.

Ndiyo maana mwisho wa sinema ile ulinigusa. Wale wawili wanaangushana sakafuni na magauni yao meupe, kisha wanapatana. Ndoa ya Emma haifungwi siku ile. Kinachosalimika ni urafiki.

Sisi hatukupatana ukumbini. Tulipatana matangani, mamake alipofariki. Nilikwenda bila kuitwa, nikaingia jikoni kupepeta mchele, naye akaja akaketi kando yangu. Hakuna aliyetaja arusi. Nilitazama leso aliyojifunga, nikaona ni ile ya sare yake, imeshapauka.

Binti yangu wa pili anaolewa Mfungo Mosi ujao. Kabla ya kuulizia ukumbi, nilimpigia yeye simu kumuuliza tarehe. Sare tutachagua pamoja, leso ya kawaida ambayo mtu ataweza kuivaa tena sokoni.