TUNGAMOTAKA: NISHATI INAYORUDI KWA UTARATIBU

Ukiuliza nchi yetu inaendeshwa na nishati gani, wengi watataja maji ya Kidatu, gesi ya Songo Songo na mafuta yanayoagizwa kutoka nje. Jibu hilo limesahau jiko. Kaya nyingi za Tanzania bado zinapika kwa kuni na mkaa. Kada asiyelielewa jambo hili hawezi kueleza uchumi wa kijiji.

Tungamotaka ni nini?

Ni mali yote itokanayo na viumbe hai inayoweza kutoa nishati: kuni, mkaa, makapi ya miwa, pumba, samadi. Asili yake ni jua. Mmea unapokua huvuta hewa ya ukaa, ukichomwa huirudisha, mmea unaofuata huivuta tena. Mafuta na makaa ya mawe yalichukua mamilioni ya miaka kuundwa, na yakichomwa hayarudi. Ndiyo maana tungamotaka huitwa nishati jadidifu.

Je, basi kila gunia la mkaa ni nishati jadidifu? Hapana. Mti huota kwa kasi yake, na mji hupika kwa kasi yake. Kasi ya pili ikiipita ya kwanza, tunakula mtaji na kuuita faida. Aidha, tanuri la kawaida la udongo huhitaji tani 5 hadi 10 za kuni kutoa tani 1 ya mkaa. Nishati nyingi hupotea kabla jiko halijawashwa.

Tatizo ni la umiliki

Wako wanaomlaumu mchoma mkaa kwamba hana elimu. Hoja hiyo ni nyepesi. Mtu asiye na haki juu ya msitu hana sababu ya kusubiri kisiki kichipue, kwani asipokata yeye atakata mwingine. Msitu huisha, na kijiji hubaki na majivu.

Tutazame Kilosa. Kuanzia 2012, baadhi ya vijiji vya wilaya hiyo vilitenga sehemu ya misitu yao kwa mkaa na kuigawa katika vitalu vya kuvunwa kwa zamu, katika mzunguko wa miaka 24. Miti ya miombo ikikatwa vizuri, visiki huchipua vyenyewe. Ushuru uliingia katika mfuko wa kijiji, na wanakijiji wakaamua matumizi yake wenyewe. Msitu ulipata mlinzi kwa sababu ulipata mwenyewe.

Mabaki nayo ni mali

Katika jani la mkonge, nyuzi ni karibu asilimia 4 tu. Sehemu kubwa iliyobaki ilizoeleka kutupwa. Huko Hale, mkoani Tanga, mabaki hayo yalitumiwa kuzalisha bayogesi na umeme. Kiwanda cha sukari cha TPC, Moshi, huchoma makapi ya miwa kuendesha mitambo yake. Kwa mfugaji, CAMARTEC ya Arusha, iliyoanzishwa 1981, imeeneza mitambo ya bayogesi: samadi huoza bila hewa, gesi hupika, na tope linalobaki hurudi shambani kuwa mbolea. Lakini mtambo hudai ng'ombe wa zizini, maji ya karibu na fedha za kuanzia. Mkulima maskini hana vyote hivyo, na asiposaidiwa kwa ushirika au mkopo, bayogesi itakuwa ya wenye nafasi peke yao.

Wajibu wetu

Mkakati wa Taifa wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Lengo ni sahihi, kwani moshi wa jikoni unaua, na mzigo wa kuni humwelemea mama. Hata hivyo, kuacha moshi si kuacha tungamotaka. Bayogesi nayo ni tungamotaka. Kwa hiyo, katika kila kijiji tuulize maswali matatu: msitu huu ni wa nani? Kinachokatwa mwaka huu kitarudi baada ya miaka mingapi? Na fedha za mkaa zinabaki wapi? Pasipo majibu, neno "jadidifu" ni jina tu.