Kumwelezea Mtu kwa Kimbugu: Uteuzi wa Msamiati na Utambulisho katika Milima ya Usambara

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kujifunza lugha yoyote hufundishwa mapema namna ya kumwelezea mtu: jina, umri, kimo, rangi na tabia yake. Vitabu vingi hulichukulia somo hili kuwa ni la orodha ya vivumishi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba orodha hiyo haitoshi. Mfano wetu ni jamii ya Wambugu, ambao wenyewe hujiita Vama'a, wanaoishi miongoni mwa Wasambaa katika Wilaya ya Lushoto. Kwao, maneno ya kumwelezea mtu humtambulisha msemaji sawa na yanavyomtambulisha anayeelezwa. Mtafiti asiyelizingatia jambo hili anaweza kuhifadhi nusu ya lugha akidhani ameihifadhi yote.

2.0 Maelezo ya Mtu na Sarufi ya Kibantu

Kiswahili kina vivumishi vichache vya asili vinavyopokea upatanisho wa kisarufi. Upungufu huo hufidiwa kwa njia nyingine. Kwanza, hutumika vitenzi vya hali timilifu: amekonda, amenenepa, amezeeka. Pili, kivumishi hufungwa na nomino au kitenzijina kwa kihusishi -a: mwepesi wa hasira, mzito wa kusikia. Tatu, nomino huhamishwa kutoka ngeli moja hadi nyingine, nao uhamisho huo hubeba hukumu ya msemaji: mtu, jitu, kijitu.

Nomino yenyewe pia yaweza kuwa hukumu. Katika masimulizi ya chimbuko la utawala wa Wakilindi huko Usambara, Mbegha alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Kwa sababu hiyo jamaa zake walimnyima urithi. Neno hilo halikueleza umbo la kinywa tu. Lilieleza nafasi ya mtu katika ukoo. Mwanafunzi akilitafsiri kwa kutaja meno peke yake, atakuwa amelipata umbo na kuikosa maana.

3.0 Leksimu Mbili, Sarufi Moja

Wambugu wana namna mbili za kusema: Kimbugu cha kawaida, kinachokaribiana sana na Kipare (Chasu), na Kimbugu cha ndani, yaani Kima'a. Namna zote mbili hutumia mfumo mmoja wa ngeli, upatanisho na viambishi vya vitenzi. Zinatofautiana katika leksimu. Sehemu kubwa ya maneno ya Kimbugu cha ndani ina asili ya Kikushi, na mengine yametoka katika Kimaasai, ama ni maneno ya Kibantu yaliyobadilishwa umbo. Tazama mifano ifuatayo, ambamo tumeacha alama za toni. Neno la kawaida linatangulia, la ndani linafuata:

mzee: mzima, mwagiru
mfalme: mfumwa, dilao
nchi: isanga, idi
-ita: -tang-, -se-

Neno mwagiru lina kiambishi cha ngeli ya watu kama lilivyo mzima. Neno dilao halina kiambishi hicho, lakini hupokea upatanisho uleule: mfumwa wa, dilao wa. Kwa hiyo Mmbugu anayemweleza Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kutoka Vuga hadi alipofariki mwaka 1862, anaweza kuijenga sentensi yake kwa sarufi ileile na kumwita ama mfumwa ama dilao. Wasambaa walimwita mtawala wao Simba Mwene. Anayeelezwa ni yuleyule. Kinachobadilika ni uhusiano wa msemaji na wasikilizaji wake. Anayesema dilao anatangaza kwamba yeye ni Mma'a.

4.0 Athari kwa Utafiti

Kwa muda mrefu wanaisimu walibishana kuhusu nasaba ya lugha hii. Mwaka 1971 Morris Goodman aliieleza kuwa lugha mchanganyiko. Mwaka 1983 Sarah Thomason alitoa hoja kwamba ilikuwa ya Kikushi na kwamba iliazima sarufi ya Kibantu. Maarten Mous, katika kitabu chake cha mwaka 2003, aliona kwamba wasemaji walikwisha kuhamia Kibantu, kisha wakaijenga leksimu ya pekee ili kuonyesha kwamba wao ni watu tofauti na majirani zao. Tunaona kwamba maelezo haya ya mwisho ndiyo yanayoafikiana zaidi na hali tuliyoieleza hapo juu, kwa sababu yanazitazama leksimu zote mbili katika kinywa cha msemaji mmoja.

Kikornishi, lugha ya kusini-magharibi mwa Uingereza, kinatoa funzo la kulinganisha. Kilikoma kuwa lugha ya kawaida ya jamii katika karne ya 18, na kitabu cha Henry Jenner cha mwaka 1904 kikachochea ufufuzi wake. Anayejifunza leo kueleza macho ya mtu hukutana na neno glas, linalobeba rangi ya buluu, kijani cha mimea na kijivu. Kamusi humpa maana hizo. Ni nani alilitumia kwa nani, na kwa hisia gani, ni jambo ambalo kamusi peke yake haiwezi kumrudishia.

5.0 Hitimisho

Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulionyesha umuhimu wa kukusanya misamiati ya lugha zetu. Tunapendekeza kwamba watafiti wa Usambara waongeze hatua moja: kila neno la kumwelezea mtu liandikwe pamoja na jozi yake, aliyelisema, aliyeambiwa na mazingira ya mazungumzo. Wambugu wanaosema Kimbugu cha ndani wanajua pia Kimbugu cha kawaida, Kisambaa na Kiswahili. Hawakosi lugha ya kumwelezea mtu. Wakiacha kusema mwagiru, mzee ataendelea kuelezwa kwa mzima. Kitakachopotea ni uwezo wa Mma'a kujitambulisha katika tendo hilohilo la kumtaja mwenziwe.