Jeraha la Baridi: Kwa Nini Embe Huharibika Katika Hifadhi

Aghalabu sisi wana Kiswahili huwaachia wanasayansi masuala ya kilimo. Makala haya yanathubutu kuuvuka mpaka huo, kwani ipo hasara inayomfika mkulima papo hapo anapodhani anaikinga: kuhifadhi embe mahali penye baridi kupita kiasi.

Embe ni tunda la tropiki. Likikaa kwa muda chini ya takriban nyuzi 13 za Selsiasi, hasa likiwa bado bichi, hudhurika. Ieleweke kuwa huku si kuganda. Barafu haihusiki kamwe. Tando zinazozizunguka seli zina mafuta, nayo hukakamaa mithili ya samli asubuhi ya kipupwe. Tando hizo zikilegea katika kazi yake huvuja, vimeng'enya vikakutana na fenoli zilizokuwa zimetengwa navyo, na hapo weusi huzuka. Ganda hufanya vishimo na madoa ya kijivu, nyama haiivi sawasawa, harufu hufifia. La kuudhi zaidi ni kwamba madhara hayo hujificha. Embe hutoka chumbani likiwa zuri, kisha likaharibika sokoni siku chache baadaye. Mnunuzi humlaumu mchuuzi, mchuuzi humlaumu mkulima, na baridi haishtakiwi na mtu.

Kwa maoni yangu, lugha ina sehemu yake katika lawama hizo. Tukisema tu kuwa embe "limeoza", chanzo kimefichika. Napendekeza istilahi "jeraha la baridi", ili dhana hii itengane na "kuganda" na "kuoza".

Jeraha likishajitokeza halitibiki, ila hukingika. Kipimajoto ndicho mlinzi wa kwanza. Aidha, matunda yakipozwa hatua kwa hatua, au yakichovywa kwanza katika maji ya moto kwa kipimo maalumu, huistahimili baridi zaidi. Katika maeneo makavu kama Makueni, kibanda chenye kuta za makaa yanayoloweshwa maji kinafaa mno: maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Hakiwezi kupoza kama jokofu, na kwa embe udhaifu huo ndio faida yake.

Ndizi nazo huumia katika kiwango kicho hicho, ilhali jokofu la nyumbani huwa na nyuzi 4 hivi. Hata hivyo, ndizi mbivu iliyogeuka nyeusi humo isitupwe. Lililojeruhiwa ni ganda, nyama yake ingali inalika.