Kilima cha Wazo na chokaa unayonunua Kariakoo

Wakulima wenzangu, ukipanda daladala ya Tegeta, kabla hujafika mbali unaanza kuona kilima kilichochimbwa ubavuni na vumbi jeupe. Ndiyo Wazo Hill. Kwa urefu si cha kujivunia. Ni jiwe la chokaa tupu, lililojengwa na matumbawe enzi hizo pale palipokuwa bahari. Kiwanda cha saruji kinakimega tangu 1966, na sitashangaa kama ghorofa lililo juu ya duka lako la pembejeo Kariakoo limetoka humo.

Kinatuhusu nini? Jiwe la aina hiyo likisagwa bila kuchomwa ni chokaa ya kilimo. Likichomwa kisha likatiwa maji, ni chokaa ya kupaka ukuta. Likichomwa pamoja na udongo wa mfinyanzi, unaelekea kwenye saruji. Ukoo mmoja, tabia tofauti kabisa! Sasa kijana anafika Kariakoo, anasema tu "nipe chokaa", anapewa iliyopo.

Ya ukuta nayo inapunguza tindikali, tena haraka, ila ni kali: inaunguza ngozi, macho na miche, na kuizidisha ni rahisi mno. Dondoshea siki au ndimu kwenye kijiko cha unga wake. Jiwe lililosagwa linatoa povu. Ya ukuta ikiwa mpya kwa kawaida hutulia.

Lakini hela isitoke kabla ya kupima udongo, TARI Mlingano au SUA Morogoro. Chini ya pH 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi ya DAP yako inashikwa na udongo. Usidharau namba moja: pH 5 ina tindikali mara 10 ya pH 6. Wenye mashamba ya kichanga, chokaa kidogo inatosha. Ukizidisha, zinki na chuma vinafungika, mahindi yanapauka.

Mwaga miezi 2 hadi 3 kabla ya kupanda, changanya hadi sentimita 15 au 20. Urea na samadi visikutane nayo siku moja, naitrojeni itapotelea hewani.

Halafu nauli. Chokaa inahesabiwa kwa tani kwa hekta, kwa hiyo mfuko wa bei nzuri Kariakoo unaweza kukutoa jasho ukifika Mbozi. Songwe nako kuna jiwe la chokaa. Mwenye shamba huko aulize bei ya kwao kwanza.