Mama, Uhesabu Siku Zako

Wamama wengi wa kambi zetu, hapa Nzilo na Kolwezi, wanatuuliza: «Munganga, mwezi wangu umebadilika. Ni ugonjwa?» Jibu linaanza na hesabu.

Hesabu tangu siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza ya damu inayofuata. Kwa mwanamke mzima, siku 21 mpaka 35 ni sawa. Si lazima ziwe 28. Damu yenyewe hutoka siku 2 mpaka 7. Ikitangulia au ikichelewa siku chache, usiogope.

Kwa nini inabadilika? Binti aliyeanza juzi, mwili wake haujazoea kutoa yai kila mwezi. Mama anayenyonyesha anaweza kukaa miezi mingi bila damu, lakini mimba inaweza kuingia hata hivyo. Karibu na miaka 45 au 50, hesabu huvurugika, halafu damu inakoma. Sindano ya kupanga uzazi, kukonda sana na mashaka mengi pia hubadilisha. Damu ikichelewa, fikiri kwanza mimba.

Mama mmoja alifika kwetu akihema kwa kupanda ngazi tatu tu. Mwaka mzima alitokwa na damu siku 10 kila mwezi, akanyamaza kwa haya. Nyumbani walimwita mvivu. Nilipofunua kope la jicho, ndani palikuwa peupe: damu ilipunguka mwilini. Chanzo kilikuwa uvimbe katika tumbo la uzazi. Alitibiwa, akapona.

Usingoje, enda hospitali kama:

– damu inapita siku 7 kila mwezi, ama inalowesha kitambaa kila saa;
– damu inatoka katikati ya mwezi, ama baada ya kulala na bwana;
– damu ilikoma mwaka mzima, kisha imerudi;
– mwezi umechelewa na tumbo linauma sana chini, pamoja na kizunguzungu. Hapo enda mara moja, hata usiku: mimba inaweza kuwa nje ya mahali pake.

Kula sombe, maharagi, samaki na nyama ukipata. Chai uinywe mbali na chakula.

Na wewe, bwana: usimgombeze bibi yako, umsindikize. Kwenye baraji wanapima maji kila siku ili wajue mapema yakibadilika. Nyumbani, daftari ndogo na kalamu vinatosha.